Victor Hess na Miale ya Kosmiki

Chukua kalamu ya plastiki. Isugue kwa nguvu katika nywele kavu, kisha uisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Utaona vipande vinarukia kalamu na kuning'inia. Hiyo ni kazi ya umeme uliokusanyika juu ya plastiki. Ngoja kidogo, navyo vitaanza kuanguka kimoja kimoja, kwa kuwa umeme ule hupotea. Sehemu kubwa hupotea kwa njia ya mkono wako na unyevu wa hewa.

Lakini zaidi ya miaka mia moja iliyopita wataalamu wa Ulaya waliona jambo la ajabu. Walikuwa na chombo kiitwacho elektroskopu. Ndani yake mna nyuzi mbili nyembamba sana. Nyuzi hizo zikitiwa umeme husukumana na kuachana. Umeme ukipungua, hukaribiana tena. Wataalamu walikifunga chombo hicho barabara, wakaikausha hewa iliyomo, wala hakuna mkono uliokigusa. Hata hivyo nyuzi zilikaribiana polepole. Umeme uliendelea kupotea. Ni nini kilichokuwa kikiuondoa?

Wakati huo watu walikuwa wamekwisha jifunza kwamba baadhi ya madini, kama urani na radiamu, hutoa miale isiyoonekana kwa macho. Miale hiyo inapopita katika hewa huifanya hewa ipitishe umeme. Kwa hiyo wengi walisema kwamba jibu limo ardhini: miale inatoka katika miamba tunayoikanyaga. Kama ndivyo, basi mtu akipanda juu, mbali na ardhi, miale lazima ipungue. Mwaka 1910 padri mmoja Mjerumani, Theodor Wulf, ambaye pia alikuwa mwanafizikia, alipanda na elektroskopu yake juu ya mnara wa Eiffel mjini Paris, upatao meta 300. Miale haikupungua kiasi alichotazamia. Mnara ulikuwa mfupi mno kumaliza ubishi. Ilibidi mtu apande juu zaidi.

Mtu huyo alikuwa Victor Franz Hess. Alizaliwa tarehe 24 Juni 1883 katika ngome ya Waldstein, nchini Austria, ambako baba yake alikuwa bwana misitu. Alisoma katika mji wa Graz hadi akapata shahada ya udaktari wa fizikia mwaka 1906. Tangu mwaka 1910 alifanya kazi katika taasisi ya kuchunguza radiamu mjini Vienna.

Usidhani kwamba Hess alikimbilia kupanda puto. Kwanza alijiandaa. Alitumia radiamu kupima jinsi hewa inavyoizuia miale ya gama, yaani miale inayopenya kupita yote itolewayo na madini hayo. Aligundua kwamba miale itokayo ardhini haina budi kuwa karibu imekwisha ifikapo meta 500 juu. Kisha akapata elektroskopu zenye kuta nene zisizopenyeza hewa, ili zisiharibiwe na wepesi wa hewa ya juu. Bila maandalizi hayo, safari zake zingekuwa matembezi tu.

Kati ya mwaka 1911 na 1913 Hess alipaa mara kumi, na mara tano kati ya hizo alipaa usiku. Kwa nini usiku? Fikiri kidogo kabla ya kuendelea. Alitaka kujua kama miale inatoka katika jua. Usiku jua halipo, lakini miale haikupungua. Tarehe 17 Aprili 1912 jua lilipatwa, naye akapaa wakati huohuo. Mwezi uliposimama mbele ya jua, vyombo vyake havikuonyesha upungufu wowote. Basi jua halikuwa chanzo kikuu.

Safari iliyo maarufu kuliko zote ilikuwa ya tarehe 7 Agosti 1912. Puto lilipaa mnamo saa 12 asubuhi kutoka mji wa Aussig, ambao siku hizi huitwa Ústí nad Labem, katika nchi ya Cheki. Safari hii puto lilijazwa haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, ambayo huweza kuinua mzigo mpaka juu sana. Lakini gesi hiyo hushika moto upesi. Cheche moja ingetosha kuwaangamiza wote. Ndani ya kikapu walikuwamo watu watatu: rubani, mpimaji wa hali ya hewa, na Hess mwenyewe pamoja na elektroskopu tatu. Walipaa hadi meta 5,350. Huko ni juu kuliko kilele cha Mlima Kenya. Baridi ni kali, na hewa ni haba hata kupumua ni taabu; walikuwa wamechukua oksijeni ya kuwasaidia. Katika hali hiyo Hess aliendelea kusoma vipimo na kuandika tarakimu. Mnamo saa 6 mchana walitua salama karibu na Pieskow, mashariki ya Berlin.

Tarakimu zake zilionyesha nini? Mwanzoni miale ilipungua kidogo, kama watu walivyotazamia. Baada ya meta 1,000 hivi ilianza kuongezeka. Juu ya meta 5,000 ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya ardhini. Hess alikata shauri kwamba miale yenye nguvu nyingi inaingia hewani kutoka juu, nje ya dunia yetu.

Si wote walioamini. Mjerumani Werner Kolhörster alipaa juu zaidi, kupita meta 9,000, akaona vivyo hivyo. Robert Millikan wa Marekani alikuwa na mashaka, mpaka mwaka 1925 alipozamisha vyombo vyake katika maziwa ya milimani huko California, akaridhika. Ndiye aliyeipa miale hiyo jina la kosmiki, maana yake ya ulimwengu wote.

Mwaka 1936 Hess alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Carl Anderson, aliyegundua chembe iitwayo positroni alipoichunguza miale hiyohiyo. Kazi ya radiamu ilikuwa imemgharimu Hess: kidole gumba chake kiliungua kwa miale hata kikakatwa. Miaka miwili baada ya tuzo, Ujerumani ya Hitler iliitwaa Austria. Hess alifukuzwa kazi. Mkewe alikuwa na asili ya Kiyahudi, na maisha yao yalikuwa hatarini. Walikimbilia Uswisi, kisha Marekani, ambako alifundisha katika Chuo Kikuu cha Fordham, New York. Alifariki tarehe 17 Desemba 1964.

Lakini miale hiyo inatoka wapi hasa? Swali hili ni gumu. Sehemu kubwa ya miale ya kosmiki ni chembe ndogo zenye umeme, na nguvu za sumaku zilizoenea kati ya nyota huzipinda njiani. Zinapotufikia haziwezi kutuonyesha zilikotoka. Miale ya gama haina umeme, kwa hiyo husafiri moja kwa moja. Ukijua imetoka upande gani, umejua chanzo chake.

Katika nyanda za juu za Khomas, nchini Namibia, zimejengwa darubini kubwa za kuitafuta miale hiyo ya gama, nazo zimepewa jina la H.E.S.S. kwa heshima yake. Nne zilikamilika mwaka 2003, na ya tano, yenye kioo cha upana wa meta 28, ilianza kazi mwaka 2012. Miale ya gama inapogonga hewa ya juu huzaa mwanga hafifu wa buluu, ambao hutoweka upesi sana kuliko kufumba na kufumbua jicho. Vioo huudaka mwanga huo. Mwaka 2004 darubini hizo zilionyesha picha ya mabaki ya nyota iliyolipuka, katika kundi la nyota liitwalo Nge, yakitoa miale ya gama. Wataalamu wengi wanaamini kwamba mabaki kama hayo ndiyo yanayorusha chembe nyingi za kosmiki zitufikiazo, na usiku wa giza, mwezi usipoonekana, wanaendelea kuyachunguza.