Simon van der Stel: alitafuta shaba, akaacha divai

Sisi watu wa shaba, huyu mutu anatuhusu kidogo. Simon van der Stel alizaliwa 1639 upande wa Maurice. Mama ya mama yake alikuwa mutumwa. Mu 1679 kompani ya Waholanzi ilimutuma kuongoza Cap, kule Afrika ya Kusini. Mu 1685 akapewa shamba la Constantia, na mwaka ule ule akaenda na magari ya ng'ombe kaskazini, Namaqualand, kutafuta shaba. Alichimbisha mashimo, akaipata kweli! Lakini njia ilikuwa murefu, maji hakuna, bandari hakuna. Ile shaba ilibakia chini mpaka miaka ya 1850.

Akarudilia mizabibu. Alistaafu 1699, akakaa Constantia mpaka kufa 1712. Kazi ya shamba, watumwa njo walifanya, na yeye mwenyewe mujukuu wa mutumwa!

Kiisha kufa kwake, shamba lilikatwa vipande, likauzishwa. Kipande chenye nyumba kubwa, Groot Constantia, kilikuwa kimeharibika wakati Hendrik Cloete alikinunua 1778. Yeye akakifufua, divai ikafika mpaka kwa Napoléon, kifungoni Sainte-Hélène. Mu 1885 serikali ya Cap ikanunua. Tangu 1993 liko mu mikono ya fondasyo, na divai ingali inatoka.