Barua za Livingstone zilipotelea njiani

Ukituma pesa kwa simu ukiwa Nungwi, hutulii mpaka meseji ya kuthibitisha iingie. Kwenye simu ya video, neno likikatika limepotea, mnaendelea tu. Ndani ya intaneti kuna njia hizo mbili. TCP husubiri jibu kwamba data imepokelewa, isipofika inaituma tena. UDP inarusha na kusonga mbele.

David Livingstone, daktari na mmisionari wa Uskochi aliyezaliwa 1813, alihitaji ile ya kwanza, akapata ya pili. Alifika Unguja Januari 1866, kisha akaingia bara kupitia Ruvuma. Mwaka huohuo baadhi ya watu wake walimkimbia, wakarudi Unguja wakisema ameuawa. Uongo huo ulifika salama kabisa! Ilibidi msafara utumwe 1867 kuhakikisha kuwa yu hai.

Barua zake mwenyewe alizikabidhi kwa misafara ya wafanyabiashara. Nyingi hazikufika, na hakuna aliyerudi kumwambia. Alikuwa akiandika maovu ya biashara ya watumwa, na wapo waliokuwa hawataki habari hizo zifike pwani. Stanley alipomkuta Ujiji 1871, ndiye aliyezibeba barua na daftari lake hadi Uingereza.

Livingstone alifariki Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili na maandishi yake kwa miguu miezi kadhaa, wakaukabidhi Bagamoyo Februari 1874. Waya wa telegrafu uliingia Unguja 1879.