Constance Applebee, kocha aliyewapa wanawake wa vyuoni gongo na uwanja

MPIRA wa magongo una historia mbili katika pande mbili za dunia. Nchini Kenya ulikuzwa hasa na wanaume wa jamii za Kihindi na Kigoa, waliokuwa uti wa mgongo wa timu ya taifa tangu iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956 hadi ilipomaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, lililochezewa Barcelona mwaka 1971. Nchini Marekani ni mchezo wa wanawake, na makao yake makuu ni vyuo. Chanzo cha hali hiyo ni mwanamke mmoja wa Kiingereza, marehemu Constance Applebee.

Kwa miaka mingi magongo yamekuwa miongoni mwa michezo ya muhula wa kwanza ya shule za sekondari za Kenya. Kwa hivyo, msichana wa Kericho au Bomet anayefunga viatu vyake na kuingia uwanjani na gongo mkononi anavuna, pengine bila kujua, matunda ya vita ambavyo Bi Applebee alivipigana kwa zaidi ya nusu karne. Vita hivyo vilikuwa dhidi ya imani kwamba mwili wa mwanamke haukuumbwa kukimbia.

Alizaliwa Juni 4, 1873, huko Chigwell, katika jimbo la Essex, Uingereza. Alikuwa mtoto dhaifu wa afya, hata masomo yake ya mwanzo akayapatia nyumbani. Ni mazoezi ya viungo yaliyomwongezea nguvu, na alipokua aliyageuza kuwa kazi yake kwa kusomea ualimu wa fani hiyo.

Mwaka huo huo wa kuzaliwa kwake, daktari wa chuo kikuu cha Harvard, Edward Clarke, alichapisha kitabu kilichodai kwamba masomo ya juu yanamharibia msichana afya na uwezo wake wa kuzaa. Kitabu hicho kilisomwa sana Marekani. Wazazi wengi waliogopa kuwapeleka binti zao chuoni, na vyuo vilivyowapokea vililazimika kuthibitisha kila mara kwamba wanafunzi wao hawakuwa wagonjwa.

Hofu hiyo ilikuwa ya watu wenye uwezo, tena ilichagua wa kumwonea huruma. Hakuna aliyeandika kitabu cha kumhurumia mwanamke wa kiwandani au wa shambani. Katikati ya miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipofungua mashamba makubwa ya chai Kericho, hazikuanza kwa kuuliza madaktari iwapo kazi ya vilima ingewadhuru wafanyakazi. Wanawake ambao tangu hapo wamepanda na kushuka safu za michai na makapu mgongoni wangeweza kumjibu Clarke bila kufungua kinywa.

Uingereza nako wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kucheza magongo. Mwaka 1895 waliunda chama chao cha taifa, na wanaume waliokuwa wakiongoza mchezo huo walipokataa kuwatambua, waliamua kujiendeshea mambo yao wenyewe. Uamuzi huo wa kujitegemea ulimwathiri sana Bi Applebee, na aliubeba alipovuka bahari.

Alifika Marekani mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 28, kuhudhuria kozi ya likizo katika chuo kikuu kile kile cha Harvard, chini ya Dkt Dudley Sargent, bingwa wa mazoezi ya viungo wa enzi hizo. Katika mazungumzo ya darasani alishangaa kusikia kwamba mazoezi waliyopewa wanawake wa Kimarekani ni michezo ya kitoto kama ule wa kugombea viti. Kwake hayo yalikuwa maburudisho ya sebuleni, hayakuwa mazoezi.

Alipotakiwa kueleza wanawake wa kwao wanacheza nini, hakutosheka na maelezo. Yalitafutwa magongo na mpira wa kuazima, wanafunzi wenzake wakagawanywa pande mbili, na katika uwanja mdogo nyuma ya jumba la mazoezi magongo yakachezwa. Vifaa havikuwa vyenyewe, na wachezaji walivaa sketi ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Hata hivyo walikimbia, wakagongana, wakacheka, na hakuna aliyezirai.

Miongoni mwa walioshuhudia alikuwemo Bi Harriet Ballintine, mkuu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha wanawake cha Vassar, jimbo la New York. Alimwalika Mwingereza huyo akafunze wanafunzi wake, na kabla ya mwaka kwisha Bi Applebee alikuwa amezuru pia vyuo vya Smith, Wellesley, Mount Holyoke, Radcliffe na Bryn Mawr. Kila alikofika alipima uwanja, akaonyesha namna ya kushika gongo, akaeleza sheria, kisha akachezesha mechi yeye mwenyewe.

Ziara hiyo ndiyo iliyoamua hatima ya mchezo huo Marekani. Kwa kuwa mlango ulioufungua ulikuwa wa vyuo vya wanawake, magongo yalizaliwa yakiwa mali yao. Wanaume walikuwa na besiboli na kandanda ya Kimarekani, na hawakuuhitaji mchezo mwingine. Hapakuwa na wa kuwanyang'anya wanawake uwanja, wala wa kuwaambia wasubiri wanaume wamalize.

Mwaka 1904 chuo cha Bryn Mawr, karibu na jiji la Philadelphia, kilimwajiri kusimamia michezo ya nje. Mkuu wa chuo hicho alikuwa Bi M. Carey Thomas, ambaye katika ujana wake alikuwa ameishi chini ya kivuli cha maandishi ya Clarke na kuyachukia. Aliamini kwamba mwanamke anaweza kusoma kama mwanamume. Bi Applebee alimwongezea ushahidi wa pili, kwamba anaweza pia kukimbia. Miaka miwili baadaye alipandishwa cheo na kuwa mkurugenzi wa idara yote ya mazoezi ya viungo, kazi aliyoishika hadi mwaka 1929.

Siku hizi kocha mkuu wa chuo cha Marekani ana wasaidizi, daktari wa timu na bajeti. Katika siku za Bi Applebee mtu mmoja alikuwa yote hayo. Alifundisha wanaoanza na waliobobea, akachagua timu, akapuliza filimbi, akaangalia afya za wanafunzi na kuwafunza wengine uamuzi wa mechi. Alikuwa mkali na mwenye sauti iliyofika kila pembe ya uwanja. Mvivu hakumpenda, lakini aliyejituma alipata mwalimu asiyemchoka.

Jambo lililomtofautisha ni kwamba hakufunza wachezaji pekee. Alifunza walimu. Msichana aliyehitimu Bryn Mawr aliondoka akijua kucheza, kuchezesha na kufundisha, na wengi wa aina hiyo walipoajiriwa katika shule za mashariki mwa nchi waliondoka na mchezo huo. Kwa njia hiyo Philadelphia na viunga vyake vikawa kitovu cha magongo ya wanawake, sifa ambayo eneo hilo halijaipoteza.

Mwaka 1920 wachezaji kutoka Philadelphia walisafiri hadi Uingereza kucheza na wenyeji waliokuwa wamewatangulia kwa miaka mingi. Mwezi Januari 1922 chama cha taifa cha magongo ya wanawake kiliundwa mjini humo, na Bi Applebee alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Kama ilivyokuwa kwao Uingereza, wanawake hao hawakuomba kivuli cha chama cha wanaume.

Mwanzoni mwa muongo huo alianzisha pia kambi ya mafunzo katika milima ya Pocono, jimbo la Pennsylvania. Kabla ya msimu kuanza, wachezaji na walimu wa rika zote walikusanyika huko kucheza asubuhi na jioni, chini ya wakufunzi ambao baadhi yao aliwaita kutoka Uingereza. Mwanafunzi wa sekondari aliweza kujikuta akicheza upande mmoja na mchezaji wa timu ya taifa. Kwa vizazi kadhaa kambi hiyo ilifanya kazi ya chuo cha makocha.

Mwaka 1924 alianza kuchapisha jarida lililoitwa The Sportswoman, lililohusu michezo ya wanawake peke yake. Magazeti ya wakati huo yaliandika kuhusu wachezaji wanawake kwa nadra, na mara nyingi kwa kejeli au kwa kusifia mavazi. Katika jarida hilo wasomaji walipata matokeo, mbinu na mijadala kuhusu sheria.

Umuhimu wa kuwa na sauti yao wenyewe ulionekana miaka minne baadaye. Katika Olimpiki ya Amsterdam ya mwaka 1928 wanawake waliruhusiwa kukimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Baadhi ya waandishi walitia chumvi habari za wakimbiaji waliochoka, na mbio hizo zikafutwa kwa wanawake hadi mwaka 1960. Hoja ya Clarke ilikuwa imefufuka ikiwa na vazi jipya.

Nyanda za chai zina sababu ya kuukumbuka uamuzi huo. Mwaka 1964, mjini Tokyo, mwana wa Kericho, Wilson Kiprugut, alitwaa nishani ya shaba ya mita 800, ya kwanza kwa Kenya katika Olimpiki. Wakati huo wanawake walikuwa wamerudishiwa umbali huo kwa miaka minne tu. Mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, ambazo Beatrice Chepkoech wa Bomet aliwekea rekodi ya dunia ya dakika 8:44.32 mwaka 2018, hazikuwa sehemu ya Olimpiki kwa wanawake hadi mwaka 2008. Kipaji kilikuwepo siku zote katika vilima hivyo. Kilichokosekana ni ruhusa.

Hata hivyo, sifa za Bi Applebee zina mpaka wake, na si haki kuufumbia macho. Uwanja alioufungua ulikuwa wa mabinti wa matajiri na wa Wazungu. Bryn Mawr chini ya Bi Thomas kilikuwa na ubaguzi wa rangi, na mwanamke mweusi wa kwanza kuhitimu huko, Enid Cook, alipata shahada yake mwaka 1931, miaka miwili baada ya Bi Applebee kuacha wadhifa wake. Yaliyosemwa dhidi ya wanawake kwa jumla alipambana nayo. Yaliyosemwa dhidi ya wanawake weusi yalibaki langoni mwa chuo.

Kuacha wadhifa hakukuwa kustaafu. Aliendelea kuendesha kambi yake na kufundisha katika shule na vyuo, na alikuwa bado anasimama kando ya uwanja akitoa maelekezo hata baada ya kutimiza miaka 90. Waliofundishwa naye mwanzoni mwa karne walileta mabinti zao, na mabinti hao wakaleta wa kwao.

Alirudi Uingereza kumalizia maisha yake, na huko aliishi hadi kuona jambo ambalo lingemshangaza msichana wa mwaka 1901. Magongo ya wanawake yaliingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Moscow, mwaka 1980. Marekani, nchi aliyoifunza mchezo huo, haikushiriki kwa sababu ya mgomo dhidi ya Muungano wa Kisovieti, na Kenya nayo iligoma. Nafasi zilizobaki wazi ziliwafungulia mlango Zimbabwe, taifa lililokuwa na miezi michache tu tangu kupata uhuru. Timu yao, ambayo wachezaji wake wote walikuwa Wazungu, ilitwaa dhahabu. Hivyo nishani ya kwanza ya dhahabu ya wanawake katika mchezo huo ilikuja Afrika.

Bi Applebee alifariki Januari 26, 1981, huko Burley, katika jimbo la Hampshire, akiwa na umri wa miaka 107. Mtoto aliyeonwa kuwa dhaifu alikuwa ameishi kuliko takriban wote waliomhofia. Mwezi Novemba mwaka huo huo, shirika la michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, liliandaa mashindano yake ya kwanza ya magongo ya wanawake, na chuo kikuu cha Connecticut kikaibuka mshindi. Mwaka 1991 jina lake liliandikwa katika orodha ya kimataifa ya wanamichezo wanawake mashuhuri.

Nchini Kenya, wanawake nao wameufanya mchezo huo kuwa wao. Klabu ya Telkom ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi, na wachezaji wake wengi walitoka katika shule za sekondari ambako mwalimu mmoja alijitolea kuwabakiza uwanjani baada ya masomo.

Hapo ndipo maisha ya Bi Applebee yanapogusa Kericho na Bomet. Mvua ipo, nyasi zipo, na miguu imara ipo tele. Alichokipeleka Vassar mwaka 1901 hakikuwa na gharama kubwa: magongo machache, mpira mmoja na mwalimu aliyewaamini wanafunzi wake. Viwili vya kwanza hununuliwa dukani. Cha tatu hutengenezwa na mwalimu mwingine, na kutengeneza walimu wa aina hiyo ndiyo kazi iliyomchukua Bi Applebee maisha yake yote.