Constantin Tischendorf: Mtu Aliyeitafuta Biblia ya Kale Jangwani

Wengi wetu tumeulizwa swali hili kazini, kwenye matatu, hata nyumbani: mnajuaje kwamba Biblia yenu haikubadilishwa? Ukikosa jibu unanyamaza, lakini shaka inabaki moyoni. Juma hili tutazame maisha ya mtu ambaye swali hilo lilimnyima usingizi, akafunga safari kulitafutia jibu.

Constantin Tischendorf alizaliwa Januari 18, 1815, katika mji mdogo wa Lengenfeld, Ujerumani. Mwaka 1834 aliingia chuo kikuu cha Leipzig kusomea theolojia. Siku hizo mambo yalikuwa moto. Mwaka 1835 msomi David Friedrich Strauss alitoa kitabu kilichodai kwamba mengi yaliyo katika Injili ni hekaya. Vijana wengi waliyumba. Tischendorf yeye aliamua kutafuta nakala za zamani kabisa za Agano Jipya, azilinganishe neno kwa neno.

Maana, wapendwa, hakuna mtu leo aliye na barua yenyewe aliyoituma Paulo. Tulicho nacho ni nakala, zilizoandikwa kwa mkono kwa karne nyingi kabla ya mashine ya kuchapa. Anayenakili huchoka, huruka mstari, hukosea herufi. Lakini hebu fikiria wanakwaya kumi wakinakili wimbo mmoja ubaoni. Mmoja akikosea, daftari za wale tisa zitamfichua. Basi wingi wa nakala ndio ulinzi wetu.

Mwaka 1840 alikwenda Paris, mfukoni hana kitu. Huko kulikuwa na kitabu cha ngozi cha karne ya 5. Maneno ya Biblia yalikuwa yamefutwa, na juu yake zikaandikwa mahubiri ya Efraimu wa Siria. Wengine walijaribu kuyasoma wakashindwa. Tischendorf aliinama juu ya kurasa hizo mpaka akayasoma yale yaliyofutwa, na mwaka 1843 akachapisha Agano Jipya lake.

Mwaka 1844 alipanda ngamia mpaka monasteri ya Mtakatifu Katerina, chini ya Mlima Sinai. (Mwaka huohuo Mjerumani mwenzake, Ludwig Krapf, alifika Mombasa akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mungu alikuwa kazini pande zote!) Tischendorf alisimulia kwamba aliona kapu lenye kurasa kuukuu zilizongoja kuchomwa, na ndani yake Agano la Kale kwa Kigiriki. Watawa wa pale wameikataa habari hiyo ya kuchomwa. Walimpa kurasa 43. Akarudi mwaka 1853, akatoka mikono mitupu.

Safari ya tatu ilikuwa 1859, akitumwa na Tsar wa Urusi. Siku zilikuwa zimekwisha, ngamia wameshaagizwa. Jioni moja mtawa mmoja akamwalika chumbani kwake, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa chekundu. Ni kile kitabu! Agano Jipya zima, halikukosa hata ukurasa mmoja, pamoja na sehemu kubwa ya Agano la Kale, kilichoandikwa karne ya 4. Usiku ule wa baridi hakulala, alikesha akinakili.

Sasa hapa lazima tuseme ukweli wote. Alipewa kitabu hicho kwa mkopo, na aliweka sahihi kwamba kitarudishwa. Hakikurudi. Mwaka 1869 kulitolewa hati ya kukikabidhi kwa Tsar, na monasteri ikapata rubo 9,000, lakini malalamiko hayajaisha mpaka leo. Mwaka 1933 serikali ya Urusi ya Kikomunisti ilikiuzia Uingereza kwa pauni 100,000. Mtu anaweza kulipenda Neno na bado akaacha deni la ahadi. Tujihoji hapo.

Na lipo jambo lingine ambalo sisi Wapentekoste hatuwezi kulipita. Katika kitabu kile, Injili ya Marko inaishia sura ya 16 mstari wa 8. Mistari ya 9 hadi 20, yenye kunena kwa lugha mpya na kuwawekea wagonjwa mikono, haimo. Je, tutetemeke? Hapana. Nakala nyingi mno za Kigiriki zinayo mistari hiyo, na Ireneo aliitumia katika karne ya 2, kabla kitabu cha Sinai hakijaandikwa. Wasomi wanaendelea kuijadili, na baadhi ya Biblia za leo huiweka kwenye mabano ili msomaji ajue. Hakuna anayeficha. Na hata bila mistari hiyo, lugha zimo katika Matendo 2 na 1 Wakorintho 14, na maombi kwa wagonjwa yamo katika Yakobo 5. Imani yetu haining'inii kwenye uzi mmoja.

Ndivyo ilivyo kwa tofauti nyinginezo. Zipo nyingi, lakini zilizo nyingi zaidi ni za tahajia na mpangilio wa maneno. Ukiondoa vumbi hilo, Yesu aliyesulubiwa na kufufuka ni yuleyule katika nakala ya Sinai na katika Biblia iliyo mkobani mwako.

Tischendorf aliendelea kulinganisha nakala mpaka mwili ukashindwa. Alipooza mwaka 1873, akafariki Leipzig Desemba 7, 1874, akiwa na miaka 59.

Mpendwa, yeye alivuka jangwa mara tatu kuzitafuta kurasa hizi. Wewe Biblia unayo mezani. Juma hili soma Marko 16 yote na Matendo 2 pamoja na watu wa nyumbani mwako. Na ukiulizwa lile swali, usikasirike wala usinyamaze. Jibu kwa upole, useme kweli yote. Mungu awabariki.