Earl Sutherland na Homoni Ibakiayo Mlangoni

Kwa muda nilikuwa nikiwafundisha wanachuo kwamba glukagoni, homoni itokayo katika kongosho, huingia ndani ya seli za ini na kuvunja glaikojeni iwe sukari. Nilikosea, na jaribio la kunisahihisha lilikuwa limefanywa kabla sijazaliwa.

Earl Sutherland alizaliwa mwaka 1915 huko Burlingame, mji mdogo wa jimbo la Kansas, Marekani. Alihitimu udaktari mwaka 1942, akatumikia jeshi kama tabibu, kisha akafanya utafiti mjini St. Louis katika maabara ya Carl na Gerty Cori. Mwaka 1953 alihamia Cleveland.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa homoni haifanyi kazi ila katika seli nzima. Sutherland na mwenzake Theodore Rall walisaga ini, wakatia homoni, na kimeng'enya kivunjacho glaikojeni kikazidi nguvu. Kisha wakaizungusha rojo ile kwa kasi hata vipande vizito, vikiwamo vya utando wa seli, vikatuama. Majimaji ya juu yalipotiwa homoni hayakuonyesha badiliko lolote. Ndipo wakatia homoni na ATP katika vile vipande, wakapata kitu kidogo kisichoharibiwa na moto. Kitu hicho kilipomiminwa katika majimaji, kimeng'enya kikaamka.

Kitu hicho ni AMP ya mviringo. Glukagoni, basi, hufanya kazi yake ikiwa nje: mnyororo wake wa asidi amino 29 hushikamana na kipokezi kilichopenya utando, kipokezi hubadili umbo lake upande wa ndani na kuamsha protini ya G, nayo huamsha kimeng'enya kitengenezacho AMP ya mviringo kutokana na ATP. (Habari za protini ya G zilijulikana baadaye, kwa juhudi za Martin Rodbell na Alfred Gilman.) Sutherland alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971, akafariki mwaka 1974.

Siku hizi sianzi na jibu. Huchora ubaoni vyombo viwili, kimoja cha majimaji na kingine cha vipande, nikawauliza wanachuo homoni itiwe wapi. Wengi huchagua majimaji. Nami hunyamaza, wabishane, mpaka mmoja wao auulizie ule utando.