Avogadro, mwanasheria aliyepima hewa



Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na kwetu ni Gisenyi, ufukoni mwa Ziwa Kivu. Wenzetu wa sayansi walio mwaka wa kwanza wanalalamikia sana moli: kugeuza gramu kuwa moli, na moli kuwa lita. Nimeona niwaletee habari za mtu aliyeweka msingi wa hesabu hiyo, kwa sababu naye alianzia kwenye sheria za dini yake, kama sisi tunavyoanza na fiqhi.

Amedeo Avogadro alizaliwa Turin, katika nchi inayoitwa leo Italia, tarehe 9 Agosti 1776. Ukoo wao ulikuwa wa wanasheria. Mwaka 1796, akiwa na miaka 20 tu, alipata udaktari wa sheria za kanisa, akafanya kazi ya uanasheria. Lakini moyo wake ulivutwa na fizikia na hisabati. Akazisoma kwa bidii, na mwaka 1809 akawa mwalimu Vercelli.

Mwaka 1811 alichapisha makala yenye wazo moja kubwa: gesi mbili zozote zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Wakubwa wa kemia wa zama zake hawakulipokea. Dalton, kwa mfano, hakukubali kwamba atomi mbili za aina moja zinaweza kuungana.

Mwaka 1820 alipewa kiti cha ualimu Chuo Kikuu cha Turin, kikafutwa baada ya machafuko ya kisiasa. Alirudi mwaka 1834, akafundisha hadi 1850. Alifariki tarehe 9 Julai 1856, na wazo lake bado limewekwa kando. Miaka minne baadaye, katika mkutano wa wanakemia mjini Karlsruhe, Cannizzaro alilitetea, likaanza kukubalika. Mwaka 1909 Perrin akaiita kwa jina la Avogadro idadi ya chembe zilizomo katika moli moja, ambayo leo ni 6.02214076 × 10²³. Mwenyewe hakuijua namba hiyo.

Sisi wa fiqhi tuna mfano wa karibu. Zaka ya fitri hupimwa kwa pishi, yaani vibaba vinne. Pishi ya mchele na pishi ya tende ni kipimo kimoja, lakini ukiziweka kwenye mizani uzito hautakuwa mmoja. Moli nayo ni hivyo: idadi ni ile ile, uzito unabadilika. Moli moja ya methani ni gramu 16, ya hewa ukaa ni gramu 44. Kwa hiyo gramu 4 za methani ni robo moli, na gramu 11 za hewa ukaa ni robo moli pia. Katika nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya kawaida, moli moja ya gesi hujaza lita 22.4, basi kila moja ya hizo itajaza lita 5.6.

Gesi zote mbili zimo katika Kivu yetu. Methani inachotwa kuzalisha umeme, kama pale Karongi. Hewa ukaa ndiyo mazuku, ambayo ng'ambo ya mpaka, kuelekea Sake, imeua watoto na mifugo. Moli ya hewa tunayovuta ni kama gramu 29. Kwa ujazo ule ule, hewa ukaa ina gramu 44, basi hushuka na kutulia mabondeni. Mtu mzima anaweza kupita amesimama, mtoto au mbuzi aliye chini akakosa pumzi. Anayeinama kumwinua aliyeanguka naye huanguka.

Basi ndugu yangu wa kemia, fanya mazoezi yako ya moli, halafu ukirudi nyumbani likizo waeleze wadogo zako kwa nini wasicheze mabondeni penye mazuku. Hiyo ni elimu yenye manufaa, na ni amana uliyobeba.

Allah atuzidishie elimu na atulindie watu wetu. Wabillahi tawfiq.