Bobby Moore: Beki aliyebeba Kombe la Dunia kwa mkataba wa mwezi mmoja

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, mabishano yetu huku Pwani huwa ni yale yale: beki alipwe pesa zote hizo kwa kazi gani? Liverpool walipotoa pauni milioni 75 kumchukua Virgil van Dijk mnamo Januari 2018, wapo waliocheka, eti pesa za straika zimemwagwa kwa mtu wa kutoa mpira nje. Mwaka uliofuata Liverpool ikawa bingwa wa Ulaya, lakini ubishi haukwisha. Mimi niko upande wa mabeki, na ushahidi wangu ni maisha ya marehemu Bobby Moore.

Moore alizaliwa tarehe 12 Aprili 1941 huko Barking, mashariki ya London. Alijiunga na West Ham akiwa kijana mwaka wa 1956, na miaka miwili baadaye akaingia timu ya kwanza. Hakuwa na mbio, wala mpira wa kichwa haukuwa silaha yake. Alichojaaliwa ni jicho la kuiona hatari kabla haijafika, hivyo mpira ukitua, yeye yupo pale.

Enzi hizo mchezaji Uingereza hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki. Kikomo hicho kilipoondolewa mwaka wa 1961, wa kwanza kupanda hadi pauni 100 kwa wiki alikuwa Johnny Haynes wa Fulham, mtu wa mbele. Tangu siku ya kwanza, basi, pesa zilijua njia ya kuendea kwa washambuliaji.

Mwaka wa 1964 Moore aliiongoza West Ham kutwaa Kombe la FA. Mwaka huo huo akapatikana na saratani, akafanyiwa upasuaji, na umma haukuambiwa. Mei 1965 alikuwa Wembley tena akiinua Kombe la Washindi la Ulaya, baada ya kuifunga 1860 Munich mabao 2-0.

Sasa tufike kwenye mkataba. Kombe la Dunia la 1966 lilichezwa nyumbani kwao, naye ndiye nahodha. Lakini mkataba wake na West Ham ulikuwa umekwisha mwisho wa Juni, na yeye alitamani kuhamia Tottenham. Kwa kanuni za wakati ule, mchezaji asiye na klabu hakuruhusiwa kucheza mashindano hayo. Kocha wa taifa, Alf Ramsey, ikabidi amwite Ron Greenwood wa West Ham hotelini walikokaa wachezaji, na Moore akatia sahihi karatasi ya mwezi mmoja tu. Nahodha wa taifa zima alikwenda kutafuta ubingwa wa dunia akiwa na mkataba mfupi kuliko wa kibarua wa bandarini.

Akafanya nini na mwezi wake huo? Uingereza ilicheza mechi nne za kwanza bila kufungwa hata bao moja. Aliyekuja kuwafunga ni Eusébio wa Ureno katika nusu fainali, na kwa penalti. Fainali dhidi ya Ujerumani Magharibi ikachezwa tarehe 30 Julai. Wajerumani walitangulia. Moore akachezewa faulo, akainuka, akaupiga mpira upesi kabla wenzake hawajajipanga, na Geoff Hurst akafunga kwa kichwa. Dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza, wenzake walitaka autoe nje upotelee mbali. Yeye akautuliza, akainua macho, akampa Hurst pasi ndefu, likawa bao la nne. Hurst anakumbukwa kwa mabao matatu, na ni haki yake. Lakini mawili kati ya hayo yalianzia mguuni mwa beki.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Wachezaji wale walipopewa zawadi ya pauni 22,000, waliamua kugawana sawa kwa sawa, pauni 1,000 kila mmoja wa wote 22. Mfungaji, kipa, beki na hata aliyekaa nje mashindano mazima, fungu lilikuwa moja. Waliotoka jasho wenyewe ndio walioamua hivyo.

Mwaka wa 1970 kule Mexico, Uingereza ilifungwa na Brazil 1-0. Jairzinho alifunga bao hilo, lakini siku hiyo hiyo alikuja kwa kasi na mpira mguuni, na Moore akamngoja mpaka mwisho, kisha akampokonya bila ya kumgusa. Hesabu za mabao hazina safu ya kuandika kazi kama ile.

Aliichezea Uingereza mechi 108, 90 akiwa nahodha. Mwaka wa 1974 West Ham ilimuachia Fulham kwa pauni 25,000. Baada ya kustaafu alijaribu ukocha Southend bila mafanikio makubwa, na chama cha soka cha nchi yake hakikumpa kazi yoyote ya maana. Aliishia kutangaza mpira redioni. Alifariki kwa saratani tarehe 24 Februari 1993, akiwa na miaka 51. Sanamu yake ikasimamishwa Wembley mwaka wa 2007, na mwaka uliofuata West Ham ikaistaafisha jezi namba 6.

Sisemi kila beki anastahili mamilioni. Wapo wanaolipwa vizuri na lango linavuja kila wiki, na hao wahojiwe. Ninachokataa ni kumpima mlinzi kwa mizani ya mfungaji. Kazi yake ni bao ambalo hukuliona, kwa kuwa halikuingia. Tangu chuoni tumefunzwa kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Moore alilipwa kwa shaba, miaka 14 baada ya kuzikwa, na shaba haimlishi mtu. Beki mzuri akiomba mkataba mnono leo, apewe angali hai.